Kompyuta ikijaa, tupime kabla ya kupiga Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na mafundi kompyuta wenzangu, wenye steshenari na wateja wetu hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji. Laptopu ikifika kwa fundi diski C (sehemu ya diski yenye Windows) ikiwa nyekundu kwa kujaa na mashine inajikokota, mteja hupewa jibu moja kati ya mawili: tupige Windows upya, yaani tuisakinishe tena, au nunua diski kubwa. Kilichojaza hakijatafutwa. Huko ni kukumba maji ya mtumbwi huku tundu liko wazi. Miezi michache baadaye C inajaa tena kwa kitu kilekile, na safari hii mteja ameshapoteza picha na nyaraka ambazo hakuna aliyemuuliza kama anazihitaji.

Anzia mahali pasipohitaji bando. Fungua Settings, ingia System, halafu Storage, uiache imalize kuhesabu. Kipengele hiki kimo Windows 10 na 11. Kitakupa matumizi kwa makundi: programu, mafaili ya muda, picha, video na mengineyo. Bonyeza "Show more categories", maana mwizi mara nyingi hayumo kwenye yale ya juu. Ukitaka kuiona folda yenyewe inayojaza, weka programu ya WinDirStat, ambayo ni ya bure na ina uzito wa MB chache tu, au WizTree, ambayo kwenye diski za NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) humaliza kwa sekunde kadhaa kwa sababu husoma orodha kuu ya mafaili badala ya kupita folda moja moja. WizTree ni bure kwa matumizi binafsi, ofisi hutakiwa kulipia. Kwa shule na zahanati napendekeza WinDirStat. Yoyote utakayochagua, ifungue kwa "Run as administrator". Usipofanya hivyo haitaruhusiwa kuingia folda za watumiaji wengine, utaona jumla ya GB 70 kwenye diski iliyotumika GB 110, na utaanza kusingizia virusi.

Sasa soma orodha kutoka juu kushuka. Kwenye mashine za huku kwetu kinachoongoza mara nyingi ni folda ya mtumiaji, na humo ndani ni Desktop na Downloads. Watu wengi hawajui kwamba Desktop iko ndani ya C. Sisi mafundi tumezoea kukata diski ya GB 500 tukampa C GB 100 na D zote zilizobaki, kisha hatumwelezi mwenye mashine. Yeye anaweka kila kitu Desktop, C inafurika na D haina hata faili moja. Hapo hakuna cha kufuta wala cha kununua. Tengeneza folda kwenye D, tuseme D:\Downloads, halafu bofya kulia kwenye Downloads ya zamani, chagua Properties, kichupo cha Location, kisha Move, uielekeze kwenye folda hiyo mpya. Fanya vivyo hivyo kwa Documents na Videos, kila moja na folda yake. Usiielekeze kwenye D yenyewe bila folda: Windows itaichukulia diski nzima kuwa ndiyo Downloads, na kuirudisha ilivyokuwa ni kazi ya kukera. Program Files nayo usiiburute kwenda D, programu zitakataa kufunguka.

Inayofuata ni AppData, folda iliyofichwa ndani ya folda ya mtumiaji. Humo ndimo Telegram huweka nakala za kila video uliyoitazama hata kama hukuihifadhi. Kwa mtu anayefuatilia tamthilia kwenye Telegram, kukuta GB kadhaa humo si jambo la kushangaza. Usiifute folda kwa mkono. Ingia Settings ya Telegram, Advanced, "Manage local storage", usafishe na uweke kikomo, GB 2 zinatosha.

Wenye steshenari na makarani wa ofisi, tatizo lenu kubwa ni skana. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), ukahifadhiwa kama BMP, yaani picha isiyobanwa, hula takriban MB 104. Kurasa 10 tu ni GB 1. Ukishusha hadi dpi 300 unapata nusu ya nukta kwa upana na nusu kwa urefu, kwa hiyo uzito unashuka hadi robo, MB 26 hivi, na hiyo ni kabla ya kubanwa. Ukichagua JPEG au PDF badala ya BMP, ukurasa uleule utashuka tena hadi MB moja au mbili. Barua na fomu zenye maandishi meusi zinatosha kabisa kwa dpi 200 bila rangi. Vyeti na vitambulisho dpi 300 kwa rangi. Sijaona sababu ya mtu kuskani barua ya kuomba likizo kwa dpi 600, lakini mashine nyingi zimewekwa hivyo na hakuna anayezigusa. Kwenye WinDirStat angalia orodha ya aina za mafaili: .bmp au .tif ikiwa juu, umeshampata.

Baada ya hapo njoo kwenye mafaili ya Windows yenyewe, na hapa uwe mwangalifu. Faili la hiberfil.sys, ambalo hutunza kazi iliyo wazi mashine inapolala kwa hibernate, kwa kawaida huwa karibu asilimia 40 ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine). Mashine ya GB 8 hutoa kama GB 3.2. Amri ya powercfg /h off, ukiiandika kwenye Command Prompt ya msimamizi, huliondoa. Kwenye desktopu sina pingamizi. Kwenye laptopu, kwa umeme wetu huu wa kukatika, nakushauri uliache: betri ikikaribia kuisha, ndilo linalohifadhi kazi uliyokuwa hujaisevu. Mwenye mashine aliyepandishiwa toleo jipya, au aliyepigiwa Windows juu ya ile ya zamani bila kufomati, atakuta folda ya Windows.old yenye GB 15 au 20. Hii ifutwe kwa Disk Cleanup, kitufe cha "Clean up system files", lakini kwanza fungua Windows.old\Users uangalie kama nyaraka za mteja hazimo humo. Folda ya WinSxS, ghala la vipande vya Windows, iacheni. Inaonekana kubwa kuliko ilivyo kwa sababu mafaili yake mengi huhesabiwa mara mbili, humo na kwenye folda nyingine za Windows. Ukubwa wake wa kweli utaletwa na amri hii: Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore.

Jumla ya mafaili ikibaki pungufu kuliko nafasi iliyotumika, hata baada ya kufungua programu kama msimamizi, tazama System Protection. Restore points, yaani nakala za kuirudisha Windows ilivyokuwa, hazionekani kama mafaili ya kawaida, na kikomo chake kinaweza kupunguzwa hapohapo. Na ukishafuta, mwaga Recycle Bin. Kabla ya hapo hujarudisha hata MB moja.

Flashi ina mambo yake. Flashi inayoonekana tupu huku Properties ikisema GB 14 zimetumika, kwa kawaida imepitiwa na kirusi cha shortcut: mafaili yamo, yamefichwa. Usiifomati. Iskani kwa Windows Security, kisha, ili kuyafichua, andika kwenye Command Prompt attrib -r -s -h E:\*.* /s /d, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Flashi inayokataa muvi ya GB 5 ilhali ina nafasi ya GB 20 haijajaa. Iko kwenye FAT32, mpangilio wa mafaili ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ifomati kwa mpangilio wa exFAT baada ya kutoa vilivyomo. Na kumbukeni kwamba ukifuta kitu kwenye flashi hakiendi Recycle Bin.

Kama umepima ukakuta vyote ni vyako na unavihitaji, sawa, nunua diski. Ile ya GB 500 itasomeka 465, usigombane na muuzaji: kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu baiti 1,073,741,824. Mgombane kwa flashi za "2TB" zinazouzwa kwa bei ya GB 32. Hizo hupokea mafaili bila kulalamika, na kila kinachozidi ujazo wake halisi hakifunguki tena. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi na kusoma tena ilichoandika. Flashi kubwa huchukua saa nyingi, kwa hiyo mkubaliane mapema na muuzaji kwamba ikishindwa kesho unairudisha, na risiti ibaki mkononi mwako.

Fundi kompyuta,
Mwanga, Kigoma