Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu na ndugu wanachama wa chama cha ukoo wetu wa Reed,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana Idi na Krismasi, tulizika mara mbili, tukachangia karo ya watoto watatu. Mapato yalikuwa Sh 71,500, matumizi Sh 66,200.

Lililozua maneno ni uamuzi wa Machi wa kuwakubali akina Reid na akina Read wa kwenye sensa za Uingereza kuwa mababu zetu sisi akina Reed. Uamuzi ni wangu na nausimamia. Wapo waliosema nimewaletea ukoo wa watu. Jamani, sensa zile ziliandikwaje? Kaya ilijaza fomu, na asiyejua kuandika alijaziwa. Kisha karani akanakili yote katika daftari lake. Kuanzia 1841 hadi 1901 tunachosoma ni madaftari hayo, kwa hiyo tahajia ni ya karani. Fomu zenyewe zimehifadhiwa tangu 1911, na humo baba yake babu ameandika kwa mkono wake: Reed.

Ndiyo maana sikufuata herufi. Nilifuata parokia ya kuzaliwa, inayotajwa tangu 1851, jina la mke na mfuatano wa watoto, sensa hadi sensa, miezi minne ya kukesha. Mkasema umri haulingani: mzee ana miaka 35 mwaka 1841, kisha 49 mwaka 1851. Makarani wa 1841 waliagizwa kuushusha umri wa waliozidi miaka 15 kwa mafungu ya mitano, hivyo wa miaka 39 akaandikwa 35. Hesabu inakubali.

Nakala zilitugharimu Sh 18,400. Sh 9,000 zaidi nilizitoa mfukoni mwangu na sijazidai. Risiti anazo mweka hazina.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Wanachama ni 64, waliolipa ada ni 21. Mkutano wa Agosti, niliouitisha mahsusi kuonyesha nakala hizo, tulikuwa watu 9, na waliolalamika sana hawakuonekana. Siwezi kumjibu mtu asiyekuja.

Kuhusu mwaka ujao, sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliungua ghalani huko Hayes, karibu na London, Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Limebaki daftari la watu la tarehe 29 Septemba 1939. Fedha zikipatikana tutalitafuta, na Mungu akipenda tuwarekodi pia bibi zetu wakingali na kumbukumbu.

Mwenyekiti