Afya ya miti ya Buhindi na Rubya ipimwe kwa setilaiti

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na ofisi za misitu za Kanda ya Ziwa. Mti mrefu ukianza kukauka kileleni, mlinzi anayepita chini haoni, na mashamba ya miti kama Buhindi kule Buchosa na Rubya kule Ukerewe ni makubwa mno kukaguliwa kwa miguu pekee. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Umoja wa Ulaya zinazopiga picha za ardhi, hutolewa bure. Setilaiti ya kwanza ilirushwa 2015, ya pili 2017, na zikiwa mbili hupita eneo lilelile kila siku 5. Zitumieni, ila kwa uangalifu, maana picha hizi hudanganya kirahisi.

Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Setilaiti hupima kila aina ya mwanga peke yake, na kila aina huitwa bendi. NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, ni bendi ya 8 (infraredi) kutoa bendi ya 4 (mwekundu), kisha kugawanya kwa jumla ya hizo mbili. Pikseli, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10. Msitu ukifunga sana, kipimo hiki hugota: mti uliopoteza sehemu ya majani husomeka karibu sawa na mzima. Hapo weka bendi ya 5 mahali pa bendi ya 4. Kujua kama majani yamepungukiwa maji, linganisha bendi ya 8A na ya 11 kwa hesabu ileile. Bendi ya 5, 8A na 11 zina pikseli ya mita 20.

Wanaopima miti ya mwaloni Ulaya huchagua picha za majira ya joto, inapokuwa na majani. Sisi, kwa misindano isiyopukutisha majani, tuchague Juni hadi Septemba: mawingu ni machache, na nyasi za chini zimekauka. Wakati wa masika, kijani cha nyasi hupenya kwenye matawi yaliyopukutika na kuficha ugonjwa. Linganisha mwezi uleule kwa miaka mitatu au zaidi, na usichanganye misindano na miti ya asili inayopukutisha majani kiangazi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni hili. Tangu tarehe 25 Januari 2022, namba za kila pikseli katika picha hizi zimeongezewa 1000. Toa 1000 kwanza, ndipo ugawanye kwa 10000 upate kiwango cha mwanga uliorudishwa. Usipotoa, NDVI itashuka na msitu mzima utaonekana umeugua ghafla, ilhali hakuna mti uliobadilika. Baadhi ya majukwaa huitoa yenyewe, kwa hiyo soma maelezo ya picha; kuitoa mara mbili ni kosa vilevile.

Kando ya ziwa, ondoa ukanda wa mita 20 hadi 30 kutoka majini, kwa kuwa pikseli yenye nusu maji husoma kama mti mgonjwa. Mawe yetu makubwa na vivuli vya mawingu navyo viondolewe.

Kisha nendeni msituni. Viwanja vya ukaguzi viwe mita 30 kwa 30 au zaidi, kwa sababu GPS ya simu hukosea mita kadhaa chini ya matawi. Kagueni sehemu zinazosomeka nzima pia. Setilaiti haisemi chanzo cha ugonjwa: mdudu, kuvu, moto na ukame vyote hushusha namba. Chukueni matawi yenye sehemu hai na iliyokufa, yafungwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki unaootesha ukungu, yapelekwe TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, Morogoro, yakiwa bado mabichi.

Wadau wa misitu,
Ilemela, Mwanza