Maandalizi ya Wiki ya Meya mtaani kwetu

Ndugu wanakikundi,

Ofisi ya Meya imethibitisha kwamba mtaa wetu umo katika ratiba ya Wiki ya Meya, yaani siku za usafi, kupanda miti na mkutano na Meya, itakayofanyika wiki ijayo, hivyo naomba tujipange mapema.

Jumanne asubuhi tutazibua mitaro. Kwangu mimi hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu tope na plastiki zikiachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza huzirudisha zote ndani na maji hutafuta njia kupitia nyumba za watu. Nimeomba gari la taka lifike siku hiyohiyo. Tafadhali asiondoke mtu kabla halijapakiwa. Njooni na mabuti na glavu.

Alhamisi tutapanda miti pamoja na Meya. Miche haijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni nani ataimwagilia wapiga picha wakishaondoka. Kwa hiyo kila mche utakuwa na mlezi, na orodha itabaki kwa katibu.

Mkutano wa hadhara ni Jumamosi, na Meya atakuja na wahandisi wa barabara na maji. Anayeuliza kuhusu taa isiyowaka ataje namba ya nguzo, na anayeuliza kuhusu shimo aeleze liko wapi na limekuwapo tangu lini, maana lalamiko la jumla hujibiwa kwa ahadi ya jumla. Nitumieni maswali faragha kabla ya Ijumaa jioni ili yanayofanana niyaunganishe, kisha tuyawasilishe kwa maandishi na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mratibu