Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Zanzibar: Mada yangu ilichekwa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya sekondari wilaya ya Wete, Pemba. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja na chaki. Sikuandikii kudai nyongeza ya mshahara, ingawa ukinipa sitoirudisha. Nakuandikia kwa sababu ya kicheko.

Mwaka juzi niliitwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo ya uzamili. Nikapanda meli ya usiku, nikashuka bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi na mtandio umejikunja kama karatasi ya maandazi, nikaingia chumba chenye watu watano na feni moja isiyozunguka. Wakaniuliza ninataka kutafiti nini. Nikasema: majina yanayoandikwa kwenye vyombo vya wavuvi wa kaskazini ya Pemba, nikiyasoma kama fasihi. Pakawa kimya. Kisha bwana aliyekaa katikati akavua miwani, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama anavyochekwa mtoto anayeuliza mwezi unalala wapi. Akasema, "Mwalimu, majina ya mitumbwi yatatuletea nini? Nchi hivi sasa iko kwenye uchumi wa buluu."

Nilirudi Pemba mikono mitupu. Ofisi ile siitaji, kwa sababu sina ugomvi na bwana yule. Kicheko chake nimekisikia pia kwa walimu wenzangu, kwa wakwe zangu, na kwa wanafunzi wangu wa kidato cha sita. Lakini jambo moja limenikaa rohoni. Huo uchumi wa buluu, buluu yenyewe si bahari? Mimi nilikwenda na bahari mkononi, nikaambiwa nirudi nikaitafute bahari.

Nikuoneshe kitu kimoja, kisha utaamua mwenyewe.

Mjomba wangu ana mashua. Ilipotoka kwa fundi, imeshatiwa kalafati na kupakwa deheni, aliiandika ubavuni upande wa omo, yaani mbele, neno moja kwa rangi ya kijani: AHADI. Miaka miwili baadaye mchuuzi mmoja akawa anachukua samaki wake kwa mkopo, kaskazi nzima, asilipe. Mjomba hakumtukana, wala hakwenda kwa sheha. Alichukua kopo la rangi nyekundu, akaenda upande wa tezi, yaani nyuma, akaandika: NI DENI. Mchuuzi naye ana chombo chake, na haikupita wiki tezi yake ikasomeka: MVUMILIVU. Diko zima, pale vyombo vinapofikia pwani, likaangua kicheko, maana hakuna aliyekuwa hajui mvumilivu hula nini, wala nani anayeambiwa asubiri.

Maneno manne, Mheshimiwa, yamefanya kazi ya beti kumi. Aliyelelewa Pemba atasikia humo mchezo wa kibati, ambapo watu hujibizana papo kwa papo ngoma ikipigwa, bila ya aliyejiandaa nyumbani. Aliyelelewa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, atasikia taarabu. Mama yangu, ambaye hata kidato cha pili hakufika, alisema tu, "Hiyo kanga ya wanaume." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nadharia yoyote niliyosomeshwa. Na maswali yakanijia yenyewe. Mwandishi wa jina la chombo ni nani, mwenye chombo au fundi wa rangi? Mbona dua huandikwa omo na kijembe huandikwa tezi? Msomaji wa tezi ni nani, kama si yule uliyemwacha nyuma? Hayo ndiyo niliyotaka kuyatafiti.

Najua wengi wakisikia fasihi hukumbuka mtihani: taja dhamira tano, eleza wahusika wawili, toa mifano ya tamathali za semi. Siwalaumu, maana na sisi tumechangia. Nenda maktaba yoyote ya chuo, kaa mbele ya rafu ya tasnifu za Kiswahili, usome migongo. Utakuta Dhamira katika riwaya ya fulani, na pembeni yake Dhamira katika tamthiliya ya fulani, na chini yake Matumizi ya tamathali katika diwani ya fulani. Ukizifungua, sura ya pili ya moja ni ndugu wa sura ya pili ya nyingine, baba mmoja mama mmoja. Pendekezo langu la mwanzo lilikuwa la aina hiyo hiyo. Msimamizi aliyelisoma aliniuliza swali moja tu: "Hili ulitaka kulijua, au ulitaka kulimaliza?" Nikaona haya, nikarudi dikoni.

Ila ukiwasikiliza wanafunzi wa uzamili na uzamivu wenyewe, nje ya rafu hiyo, utashangaa. Niliobahatika kukaa nao kibarazani, mmoja anakusanya nyimbo za kubembelezea watoto za Makunduchi na kuuliza mbona zimejaa malalamiko ya mke kwa mume, eti mtoto ndiye anayeimbiwa. Mwengine anashinda Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, akisoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na anasema barua ya deni ya mfanyabiashara ina fani kuliko mashairi mengi ya siku hizi. Yuko anayesoma namna riwaya za Unguja zinavyousimulia mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, nani anasema na nani ananyamazishwa, jambo ambalo wengi wetu hulipita kwa kunyata. Yuko anayechunguza hadithi zinazotumwa kwa sauti kwenye WhatsApp usiku wa Ramadhani. Na kijana mmoja, tena wa sayansi aliyehama, anasoma ushairi kwa jicho la mazingira: upepo gani unatajwa, samaki gani ametoweka katika mashairi kama alivyotoweka baharini. Huyo sijui kwa nini hamumpi pesa hizo za buluu hata kwa kukosea.

Mada za namna hii zina desturi moja: huchekwa kwanza. Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, riwaya ya upelelezi ilikuwa kitu cha kusomea kwenye meli. Leo Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake wanajadiliwa kwenye tasnifu za fasihi linganishi, akiwekwa upande mmoja na Sherlock Holmes, ili kuulizwa Mzanzibari alichukua nini kwa Muingereza na alikataa nini. Hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, nani angemwambia kuwa sauti yake itakuwa ushahidi wa wanachuoni? Alirekodi Bombay mwaka 1928, mwaka ule ule wakubwa wa kikoloni walipokutana Mombasa wakaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wakubwa wale waliandika kumbukumbu za kikao. Siti akaimba Kijiti, habari ya mwanamme aliyemuua mwanamke mgeni akavuka bahari akapotea, na wanawake waliokuja kutoa ushahidi wakafungwa wao. Mwanahistoria wa Marekani Laura Fair alipoandika juu ya maisha ya Unguja baada ya utumwa kukomeshwa, nyimbo za Siti zilikuwa miongoni mwa nguzo zake. Jalada la mahakama linakupa hukumu, lakini watu waliionaje hukumu ile unakupa wimbo.

Na tusimsahau Abdulrazak Gurnah, ambaye tangu apate Nobel mwaka 2021 hakuna hotuba inayompita. Nakuomba nawe umtaje kwa jambo ambalo halitajwi. Kabla ya kuwa mwandishi tunayemjua, alikuwa mwanafunzi wa fasihi. Shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, na mada yake ilikuwa vigezo vinavyotumika kuhakiki hadithi za Afrika Magharibi. Si Unguja, wala si bahari. Angekaa mbele ya ile kamati yangu na feni yake, mtoto wa Unguja anayetaka kutafiti wahakiki wa Afrika Magharibi, unafikiri angeambiwa nini? Sisemi kwamba tasnifu ile ndiyo iliyoleta Nobel; mambo hayaendi kwa mstari hivyo. Nasema aliachwa aulize alichotaka kuuliza.

Riwaya yake ya Paradise ilitoka 1994. Kiswahili tuliipata mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, ambaye ni mwanachuoni wa tafsiri. Miaka ishirini na minane. Watu wanaosoma mapwani ya Pemba walisubiri miaka yote hiyo kusoma kwa lugha yao kitabu ambacho maneno ya lugha yao yamo humo tangu mwanzo. Tafsiri nayo ni tawi la masomo haya, na ni kazi: mtu akae mwezi mzima na ukurasa mmoja akiuliza neno hili la Kiingereza lilikuwa linajaribu kusema neno gani letu.

Kuna ya mshairi Haji Gora Haji pia, mtu wa kisiwa cha Tumbatu, mvuvi na baharia, aliyesomea chuoni, maana yangu chuo cha Kurani. Diwani yake, Kimbunga, ilitoka 1994, na kwa miaka kadhaa watoto wa kidato cha tano na sita, mpaka bara, wamekuwa wakiifanyia mtihani. Mimi nimeisomesha. Kila mara tunapofika kwenye neno la Kitumbatu darasa huniangalia mimi, na mimi Mpemba huangalia dirishani. Shukrani kwa Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kamusi za lahaja zipo, Kitumbatu, Kipemba na Kimakunduchi. Ila kamusi inakupa maana, haikupi kicheko cha mtu anayelitumia neno. Hicho anakwenda kukitafuta mwanafunzi wa uzamili, kwa nauli yake.

Sasa niombe, maana barua bila ombi ni soga.

Kwanza ile orodha ya masomo ya kipaumbele. Sitaki fasihi iwekwe juu ya udaktari, sijarukwa na akili. Nataka isiwekwe nje. Nafasi tatu au nne kwa mwaka, na mwenye kuamua mada awe mtu aliyewahi kuandika tasnifu, asiwe mhasibu peke yake. Ukitaka ziambatane na uchumi wa buluu, ziambatane: majina ya pepo, lugha ya bamvua na maji mafu, hadithi za mapango ya pwani ambazo watembeza wageni wetu huzibuni njiani kwa sababu hakuna aliyewaandikia za kweli. Hapo utalii umo pia, kama neno hilo linasaidia.

La pili linaniuma zaidi. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa misheni hapa Unguja, alichapisha London kitabu kizima cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa hapa. Tangu hapo njia ni ile ile. Mtafiti anakuja, anakaa kwa mama zetu, anakunywa chai, anarekodi, anaondoka. Tasnifu inakaa London, inakaa Bayreuth, inakaa Naples, na nyengine inakaa Dar es Salaam tu hapo, ambako nako kwa mwalimu wa Wete ni mbali. Bibi mmoja wa kijijini kwetu aliimba nyimbo za unyago kwa siku nne mbele ya kinasa sauti. Amefariki. Wajukuu zake hawana hata ukurasa mmoja. Kila anayepewa kibali cha kutafiti Zanzibar aweke nakala, ya maandishi na ya sauti, na pasitolewe kibali cha pili kwa asiyeweka. Tena nakala isiishie Unguja. Chake Chake pana maktaba.

Nimeanza masomo kwa pesa yangu, Mheshimiwa, ya mshahara na ya karafuu za marehemu baba, mikarafuu kumi na saba iliyobaki. Mada ni ile ile. Ijumaa iliyopita nilishuka dikoni na daftari. Mchuuzi amelipa, wamepatana kwenye harusi, sijui nani alianza. Mjomba ameyapaka maneno yake ya tezi rangi ya buluu, lakini nyekundu ile ilikuwa nzito, na jua likipiga ubavuni DENI bado linasomeka chini yake. Nilimuuliza kama atalipaka tena. Akasema liache hivyo hivyo.

Nimelipiga picha. Linaingia sura ya tatu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Wete, Pemba