Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2017

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: kamati tendaji ilikutana, hesabu zilikaguliwa, tulizika waliotutoka na kuwajulia hali wagonjwa.

Nitasema zaidi kuhusu mfuko wa maafa, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa wasiofika mkutanoni. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba za wengi wetu hapa Bukoba pamoja na ukuta wa ghala letu, na kamati, chini ya uongozi wangu, iliamua kujenga ghala kwanza. Naambiwa tumewadhulumu waathirika. Kama shilingi 4,200,000 za mfuko zingegawanywa kwa wanachama 28 waliobomokewa, kila mmoja angepata 150,000, yaani bati chache na saruji kidogo, na ghala lingebaki wazi huku tukilazimika kuuza maharage yetu msimu wa mavuno kwa bei ya mnunuzi.

Serikali nayo ilikabiliwa na hesabu hiyohiyo. Michango ya maafa ilielekezwa zaidi kwenye taasisi na miundombinu ya umma, na Mheshimiwa Rais Magufuli alipofika kwetu Januari alisema wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Maneno yale yalikuwa machungu, nami niliyasikia nikiwa na nyufa ukutani kwangu. Hata hivyo, shule za bweni kama Ihungo na Nyakato zilipofungwa hayakupotea masomo tu, kwani mapishi ya wanafunzi ni soko la maharage, ndizi na kuni, na fedha ya umma inayolirudisha soko hilo humfikia hata asiyepewa bati. Upungufu wa njia hiyo naukubali: mwenye nyumba hujenga kwa mtaji wa biashara yake, na duka hubaki na rafu tupu.

Pengine ndiyo sababu ada zimedorora, ingawa wapo wasiobomokewa hata tofali moja ambao pia hawajalipa. Kati ya wanachama 64, waliolipa ni 23, tunadai 2,460,000. Mkutano wa Juni ulihudhuriwa na watu 19, akidi haikutimia.

Mwakani kamati inatarajia, Mungu akipenda, kukuza mfuko na kuulizia bima ya ghala. Mhazini atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi baada ya mkutano.

Mwenyekiti