Kaka, yule bibi mwenye mikono ya maji

Kaka, shikamoo.

Nimekutumia meseji tatu tangu Pasaka. Mbili umezisoma ukanyamaza, ya tatu sijui kama ilifika. Sasa nakuandikia hapa, kwa sababu hata usipotaka kusoma, kuna mtu wa Igoma au wa Nyegezi hapa Mwanza atakupigia akuambie dada yako kakuandika. Ungepokea simu zangu haya yangebaki ndani.

Baba hajambo. Jana kapanda ngazi zote, kutoka barabarani mpaka mlangoni, juu kwenye mawe. Kapumzika mara mbili tu. Wewe zile ngazi unazijua, maana ndiwe uliyembeba mgongoni siku aliyoruhusiwa hospitali, majirani wa Igogo nzima wametoka nje kutazama, na kila hatua unamwambia, "Mzee, nishike vizuri." Siku ile nilikupenda kuliko siku zote. Na pikipiki yako uliyoiuza ili dawa zisikatike, sijaisahau. Naanza na haya usije ukasema mimi naona mabaya yako tu.

Lakini ile Jumapili ya Kisesa, chini ya mwembe, hainitoki.

Tulikuwa tumekusanyika kumshukuru Mungu. Baba amekaa kwenye kiti cha plastiki, kajifunika blanketi jua kali limewaka, suruali imefungwa kwa kamba kwa sababu kiuno kilikuwa kimekwisha. Sauti yake bado inakwaruza kwa ule mpira wa mashine ya kupumulia uliokaa kooni siku kumi na moja. Ndipo mmoja wa wazee akamuuliza kule ndani, chumba cha mahututi, alikuwa anaona nini. Baba akasema, taratibu, kama mtu anayesimulia jambo la jana: alikuwa ziwani, chini ya mtumbwi, mikono imefungwa. Kila usiku anakuja bibi mmoja, mikono yake inachuruzika maji. Anamshika mdomo, anamtia maji, na yeye anazama, hawezi kupiga kelele. Akamalizia, "Sura yake naifahamu. Ni ya kwetu."

Hakuna aliyekohoa. Shangazi alikuwa anatoka jikoni na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Wewe ukageuka ukamtazama, tena kwa muda, mpaka na wengine wakageuka. Ukamuuliza, "Shangazi, kule ndani ulikuwa unaingia kufanya nini?"

Aliliweka bakuli chini, kwenye vumbi, si kwenye mkeka. Alikuwa ametoka kuosha vyombo, akaifuta mikono kwenye kanga. Ukasema, "Mnaona anavyoifuta?"

Kaka, mwanamke yule alikubeba wewe kabla yangu. Macho yake ni mekundu kwa sababu amebanika samaki miaka arobaini, na wewe umesomeshwa kwa moshi huohuo. Unajua Usukumani macho mekundu ya mwanamke mzee yamesababisha nini. Tumekua tukisikia ajuza kakatwa mapanga kijiji fulani, mpiga ramli kasema ni mchawi. Halafu siku ya tatu ukachukua shati la Baba ukaenda nalo huko ulikokwenda. Alhamisi Shangazi akapanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, na mfuko mmoja wa rambo. Hajarudi mpaka leo.

Sasa nisikilize, na wengine mnaosoma mkiwa na mgonjwa aliyetoka chumba cha mahututi, sikilizeni pia.

Alichokiona Baba kina maelezo. Mtu akiwa kwenye mashine ya kupumulia, damu imejaa maambukizi, amepewa dawa za usingizi, hajui mchana wala usiku, ubongo huweweseka. Wala si jambo la nadra: kati ya watu kumi wanaowekwa kwenye mashine, sita mpaka wanane huweweseka hivyo. Wanaona wanauawa, wanaona manesi wanawauza, wanaona wadudu ukutani. Na kumbukumbu hiyo haifutiki kama ndoto ya asubuhi. Inakaa kama jambo lililotokea kweli, wakati yaliyotokea kweli ndiyo hawayakumbuki. Ubongo unaokota vipande vya kilichopo na kushona hadithi yake.

Vipande vya Baba navijua kimoja kimoja. Mikono ilikuwa imefungwa kweli, kwa bandeji, kwenye chuma cha kitanda, kwa sababu usiku wa pili alitaka kuchomoa mpira. Kuzama kulikuwa kweli: nesi akiingiza kile kimrija cha kunyonya makohozi, mgonjwa anapaliwa, anaona pumzi inakatika. Na bibi mwenye mikono ya maji alikuwepo kweli.

Unalikumbuka lile daftari langu la kaunta, la bluu, nililokuwa naandika gharama? Nilikuwa naandika kila kitu ili usije ukaniuliza pesa imekwenda wapi. Nimelifungua. Siku ya nne, chini ya "glavu boksi 1, pampasi pakiti 1", kuna mwandiko wangu: "Saa 10 jioni Shangazi kaingia. Nesi kampa pamba na maji, kamlowesha Baba midomo. Midomo imepasuka sana." Siku ya tano tena Shangazi. Siku ya sita tena. Mimi nilikuwa naogopa ile mipira, sikuweza kumgusa. Wewe ulikuwa unasimama mlangoni unalia. Aliyemgusa Baba ni yeye peke yake.

Denmark, Norway na Sweden manesi wamekuwa wakimwandikia mgonjwa daftari la namna hiyo kwa miaka mingi: leo umegeuzwa, leo mwanao kaja, leo tumekutoa mpira. Akizinduka anakabidhiwa, anasoma siku zake alizopoteza. Mimi sikujua. Niliandika bei za pampasi, na Mungu akaniwekea humo ushahidi. Nimemsomea Baba jioni tatu mfululizo. Ya kwanza alinyamaza. Ya pili akaniambia nirudie pale pa pamba. Ya tatu akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa ananinywesha?" Nikamwambia alikuwa anakulowesha midomo, Baba. Akageukia ukutani. Usiku ule ndio wa kwanza hakupiga kelele.

Umesema kwenye kundi la familia kwamba kama si kurogwa, mbona ametoka hospitali na bado si yule yule. Tena ukataja ile siku ya sokoni Mwaloni, aliposhindwa kujumlisha magunia kumi na manane ya dagaa, yeye aliyekuwa anapiga hesabu ya mtumbwi mzima kichwani. Ukaona aibu mbele ya wateja, nami niliiona aibu yako. Kaka, hilo nalo lina jina. Mwaka 2010 wataalamu walikutana Marekani wakakubaliana kuliita kwa jina moja, "post-intensive care syndrome", yaani madhara yanayobaki baada ya chumba cha mahututi, maana waliwaona wengi mno: mwili unadhoofu, akili inapungua kasi, na moyo unajaa hofu, yote matatu kwa mtu ambaye ugonjwa wenyewe umeshaisha. Kule London walipima msuli wa paja la wagonjwa mahututi, wakakuta ndani ya siku 10 umepungua kwa karibu asilimia 18. Siku kumi tu. Baba alilala kumi na saba. Toronto waliwafuatilia watu 109 walionusurika baada ya mapafu kushindwa kazi, na mwaka mmoja baadaye karibu nusu tu ndio walikuwa wamerudi kazini. Wengi wao si wazee kama Baba. Nani aliwaroga Wakanada wale?

Hata nywele zilizokuwa zinabaki kwenye mto, ulizozikusanya ukampelekea mtu, hunyonyoka zenyewe miezi miwili mitatu baada ya ugonjwa mkubwa, halafu huota. Zimeota. Njoo uone.

Ulitakiwa kuambiwa haya, na mimi nilitakiwa kuambiwa. Karatasi ya ruhusa ilikuwa na dawa mbili na tarehe ya kupiga picha ya kifua, basi. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2009 unataka mtu aliyetoka chumba cha mahututi aangaliwe tena baada ya miezi miwili mitatu: anatembeaje, anamezaje, analalaje, anakumbuka nini. Sisi tulipewa wheelchair mpaka getini, tukarudisha wheelchair. Manesi siwalaumu, mmoja anakimbia kati ya vitanda vinne. Ni yule yule, nilipokwenda kumuuliza miezi miwili baadaye, aliyenikalisha kwenye benchi akanieleza kuhusu kuweweseka, akanifundisha mazoezi ya kuinuka kitini: mara tano asubuhi, mara tano jioni, bila kushika. Wiki ya kwanza Baba aliweza mara moja. Na akaniambia asipewe uji wa kukimbia kwanza, uwe mzito, akae wima, maana koo lililokaa na mpira husahau kumeza na chakula kinaingia kifuani.

Najua utakaloniuliza. Daftari lilikuwa kwenye pochi yangu siku ileile ya Kisesa. Kwa nini sikulitoa?

Kaka, nilikuwa nimelala kwenye veranda ya hospitali usiku kumi na saba, kwenye boksi lililokunjuliwa. Kila simu ya mtu ikilia nadhani naitwa ndani. Mpaka leo friji ya dukani ikitoa mlio, mikono inatetemeka. Siku ile kichwa changu kilikuwa kitupu, sikukumbuka hata nilichoandika. Na wewe ni mkubwa wangu, uliongea mbele ya wazee, mimi ningesimama vipi? Nani angenisikiliza? Ile kliniki ya mapafu nayo niliikosa, nauli ilikuwepo lakini Baba alikataa kushuka ngazi, akalia, nikamwonea huruma. Ungekuwa wewe ungemlazimisha? Na pale nilipomkemea usiku, nikamwambia, "Baba acha hayo mambo ya bibi, unatutia wazimu," nilikuwa sijalala. Mtu ambaye hajalala asihukumiwe kama aliyelala.

Basi. Sikulitoa. Nilimwona Shangazi akiondoka na ule mfuko na nikajifanya natafuta viatu vya Baba.

Suala la kiwanja cha Buhongwa tutaliongea nyumbani, si hapa.

Nilimpigia Shangazi. Hakuniuliza kuhusu wewe. Aliuliza kama midomo ya Baba imepona.

Baba anataka kwenda Nansio Jumamosi hii. Nilimwambia twende wawili, akasema hapana, aliyeuliza lile swali lazima awepo, na aulize tena mbele ya Shangazi, ili na yeye Baba ajibu mbele yake. Anajizoeza maneno yake, namsikia asubuhi akiinuka kitini, moja, mbili, tatu, anahesabu kwa sauti, halafu anasema, "Dada yangu." Anaanza upya.

Ngazi za nyumbani atashuka mwenyewe. Ila pale gatini, pa kupandia meli, ubao unacheza, na mguu wake wa kushoto bado hauaminiki. Anahitaji mtu wa kumshika upande huo. Mimi mikono itakuwa na bakuli la watu, nimeliosha.