Sampo ya Discovery yako: chukua ya chuma

Kaka Elibariki,

Habari za Arusha na hiyo baridi yenu? Sisi Dar tupo salama, mama anakusalimia sana.

Picha ulizonitumia nimeziangalia vizuri. Ule ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti hauna mjadala, sampo ya gia boksi, lile bakuli la oil chini yake, imekwisha. Fundi anayekuambia atapaka gundi mshukuru, kisha umpite. Ile ni plastiki iliyopikwa na oil ya moto miaka yote tangu gari litoke kiwandani. Ukiziba hapa itapasuka pale.

Sasa, ya kununua ipi? Sampo ya kiwandani ya Land Rover Discovery 3 ina filta humo humo ndani, kitu kimoja. Ukitaka kubadilisha filta tu, unanunua sampo nzima. Tena mdomo wa filta umepanda juu hadi kwenye pampu, kwa hiyo sampo haishuki moja kwa moja: inagota kwenye krosimemba (ile boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari) na egzosi. Mafundi wengi huukata ule mdomo kwa msumeno ili waitoe. Wewe mwache akate, si inatupwa? Kasheshe ni kurudisha mpya ya aina ile ile bila kufungua nusu ya gari.

Ndiyo maana nakushauri uchukue ya chuma, ambayo filta yake ni ya peke yake. Filta inapachikwa kwanza, sampo inafuata, na safari ijayo unanunua filta na gasketi basi. Halafu kwa barabara unazopita wewe, jiwe likiirukia chuma litaibonyeza. Plastiki lingeipasua, nawe ukaona oil yote imebaki njiani. Ila ikibonyea sana usiiache hivyo, maana bonde likikaribia filta, oil haivutwi sawasawa.

Hakikisha inakuja na bolti zake. Zile za sampo ya plastiki ni ndefu kuliko za sampo ya chuma, na ukizilazimisha kwenye ya chuma zitagota kabla sampo haijabana, au ziharibu nyuzi za matundu ya alumini kwenye gia boksi. Angalia pia sumaku za kunasa unga wa chuma zimo. Zile kuukuu zikishuka, zipanguse kwa kidole: tope la kijivu laini kama uji ni uchakavu wa kawaida, lakini ukikuta vipande vinavyong'aa, nipigie kabla hujafunga chochote.

Kitu kingine, mafundi wengi hawakiangalii. Pale soketi ya nyaya inapoingia kwenye gia boksi pana kifuko cha plastiki chenye oringi, zile pete za mpira za kuzuia oil. Zikichoka, oil inateremka hadi ukingo wa sampo na lawama zote zinaiangukia sampo. Maadamu inashushwa, badilisha na hicho, bei yake si ya kutisha.

Oil iwe ya ZF Lifeguard 6 (ZF ndio waliotengeneza gia boksi yako, aina ya 6HP) au inayotamkwa wazi kuwa inafaa 6HP. Usikubali ATF, yaani oil ya gia za otomatiki, yoyote ya dramu eti zote nyekundu. Wale waliosema haibadilishwi maisha wanashangaza, wakati ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8.

Kujaza ndiko wanakobahatisha. Gari likae sawa, kwanza oil imiminwe injini ikiwa imezimwa hadi ichuruzike kwenye tundu la kujazia, kisha injini iwashwe, mtu apitishe gia zote taratibu, na oil ikiwa kati ya nyuzi joto 30 na 50, injini ikiwa bado inawaka, ndipo itolewe tena plagi ya kujazia na kumiminwa hadi ianze kuchuruzika. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto hilo, tafuta mwingine.

Nitumie picha ya kile kibamba cha pembeni mwa gia boksi pamoja na namba ya chesesi, niende nazo Gerezani kwa wauza spea. Nikipata nzuri nitaipakia kwenye basi la asubuhi. Feki zimejaa, na nyingine ukiilaza juu ya kioo cha meza unaona inayumba, sitaki kukuletea hiyo.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Saidi